Kisukari na miguu: mambo ya kuangalia kila jioni

Baba yangu mdogo analima alizeti na mtama kidogo huku Ikungi, mkoani Singida. Ana kisukari na dawa anameza. Siku moja mwezi wa nane alirudi kutoka kutazama ng'ombe, akavua ndala mlangoni, akaona ndani ya ndala kuna damu iliyokauka. Alipoigeuza akakuta msumari umepenya kutoka chini hadi juu. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi. Aliuchomoa kwa koleo, akaosha mguu kwa maji ya kisima, akala chakula chake, akalala.

Siku ya tisa mama mdogo alinipigia simu. Hakulalamika kuhusu maumivu, maana hayakuwepo. Alisema chumba kinanuka na hajui harufu inatoka wapi. Nilipofika nikamuuliza mzee mbona hakusema.

"Mwanangu, ningesema nini? Mguu hauumi."

Alipoteza vidole viwili. Mguu wenyewe ulipona baada ya miezi minne, na leo anatembea.

Nina miaka kadhaa nikiendesha kipindi cha afya, na sijui ni mara ngapi nimesema hewani kwamba mwenye kisukari atunze miguu yake. Sikuwahi kueleza anaitunza vipi. Baada ya lile jambo la baba mdogo nilianza kuwauliza wauguzi na madaktari wanaokuja studio, na ninyi wasikilizaji mmekuwa mkituma maswali yenu. Haya ndiyo niliyoyakusanya, nimeyaweka hapa uyasome kwa nafasi na umsomee mzee nyumbani. Hayachukui nafasi ya mtaalamu atakayeuona mguu wako.

Kwa nini mguu hauumi

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka taarifa za joto, baridi na maumivu kwenye ubongo. Mishipa inayofika miguuni ndiyo mirefu kuliko yote mwilini, kwa hiyo huanza kuharibika mapema, kwenye vidole kwanza, halafu unyayo, halafu kupanda juu kama mtu anayevaa soksi. Wengine wanaanza kwa kusikia moto unawaka nyayoni usiku, au kama sisimizi wanatambaa, au wanakanyaga chini wanahisi kama wamekanyaga sufi. Wengine hawasikii dalili yoyote. Ganzi inaingia kimyakimya, na mtu anafurahi kwamba ule moto wa zamani umeisha.

Mishipa hiyohiyo ndiyo inayouamrisha mguu utoe jasho. Ikichoka, ngozi inakauka na kupasuka, magaga yanakuwa makubwa, na kila ufa ni mlango wa wadudu wa maradhi. Umbo la mguu nalo hubadilika, vidole vinajikunja, sehemu fulani ya unyayo inabeba uzito mwingi kuliko nyingine, sugu inaota hapo. Chini ya sugu nene mara nyingi kuna kidonda ambacho hakijatoboka nje.

Jambo la pili ni mishipa ya damu. Kisukari huifanya kuwa myembamba, na sigara inazidisha. Damu isipofika vizuri, hata kidonda kidogo hakipati chakula cha kukiponya, na dawa unayomeza haifiki mahali pa ugonjwa kwa kiasi cha kutosha. Mtu mwenye hali hii hutembea kidogo akasikia misuli ya nyuma ya mguu inabana, akisimama inaachia.

Ukiyaweka hayo pamoja utaona balaa ilipo. Sisi wote tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu. Mtoto akianguka tunamuuliza, "Unaumwa?" Akisema hapana tunamwacha aendelee kucheza. Kwa mguu wenye ganzi swali hilo halina maana tena. Kazi iliyokuwa ikifanywa na maumivu sasa inabidi ifanywe na macho na mikono, kila siku.

Jipime ganzi nyumbani

Kuna jaribio dogo lililobuniwa na madaktari wa mji wa Ipswich, Uingereza, ambalo halihitaji kifaa chochote. Linahitaji mtu wa pili tu.

Mgonjwa alale au akae amenyoosha miguu, bila soksi, afumbe macho. Mwambie kila akihisi ameguswa aseme "kulia" au "kushoto". Wewe gusa kwa ncha ya kidole chako cha shahada, taratibu sana kama unagusa yai la njiwa, kwa muda wa sekunde moja au mbili. Usisukume, usigongegonge, usitekenye. Anza na kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huohuo. Nenda kushoto, kidole gumba, kisha cha mwisho. Malizia na kidole cha katikati cha kulia, halafu cha katikati cha kushoto. Jumla ni vidole sita, na kila kimoja kinaguswa mara moja tu. Asiposikia usirudie, hesabu kwamba hakusikia.

Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, mguu umepungukiwa hisia. Aende kituoni aseme hivyo. Akisikia vyote sita, mshukuru Mungu, na urudie baada ya miezi michache.

Nilimfanyia baba mdogo jaribio hili akiwa bado na bandeji mguu mmoja, kwa hiyo tulipima ule mzima. Hakusikia hata kimoja. Alifungua macho akaniuliza, "Unaanza lini?" Nilikuwa nimeshamaliza.

Kila jioni, dakika tano

Chagua saa moja isiyobadilika. Kwa wengi jioni baada ya kuoga ndiyo nzuri, kwa sababu lolote lililotokea mchana utaliona kabla hujalala nalo. Kaa mahali penye mwanga. Kama huna umeme, tochi ya simu inatosha, na kwa kweli inamulika vizuri kuliko taa nyingi za chumbani.

Anza juu ya mguu, zunguka kisigino, kisha fungua vidole kimoja baada ya kingine uangalie katikati yake. Hapo katikati ndipo watu wengi hawaangalii, na ndipo fangasi wanapoanzia. Unyayo ndio mgumu, hasa kwa mtu mwenye tumbo kubwa au magoti yanayouma. Weka kioo sakafuni uukanyage kwa juu juu, au mwambie mjukuu apige picha ya unyayo kwa simu. Picha ina faida nyingine: unaweza kulinganisha ya leo na ya wiki iliyopita, na ukifika zahanati unaonyesha jeraha lilivyoanza. Kama macho yamepungua nguvu, na kisukari huharibu macho pia, usijiamini. Mpe mtu mwingine kazi hiyo. Kwa baba mdogo anayeangalia ni mjukuu wake wa darasa la tano, na anaifanya kwa ukali kama mwalimu wa zamu.

Unatafuta nini? Mchubuko, mkwaruzo, lengelenge, mwiba, ufa unaotoa damu, ukucha uliozama kwenye nyama, sugu mpya, majimaji au alama ya damu kwenye soksi. Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi kuliko pengine, panapong'aa kwa kuvimba, au pamebadilika rangi tu. Halafu tumia mgongo wa mkono wako. Pitisha kwenye mguu wa kulia, kisha mahali palepale kwenye mguu wa kushoto. Kama upande mmoja una joto kuliko mwingine, kuna jambo chini ya ngozi. Na usione aibu kunusa.

Kuosha, kupaka, kukata kucha

Osha miguu kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida. Joto la maji usilipime kwa mguu. Tumbukiza kiwiko, au mwombe mwenzako apime, maana mguu wenye ganzi unaweza kukaa kwenye maji yanayounguza na ukaona ni mazuri tu. Usiloweke miguu kwenye beseni kwa muda mrefu, wala usiweke chumvi au magadi ukidhani unaua wadudu. Ngozi inalainika, halafu inakauka kuliko mwanzo na kupasuka.

Baada ya kuosha, kausha kwa kitambaa safi. Kipande cha kanga kilichochakaa ni kizuri kwa sababu ni laini na kinaingia vizuri katikati ya vidole. Wasikilizaji Waislamu wanaochukua udhu mara kadhaa kwa siku wazingatie hili zaidi: kutia maji ni sawa, ila ukimaliza futa katikati ya vidole kabla ya kuvaa viatu.

Kisha paka mafuta ya nazi, ya alizeti au ya mgando, yoyote uliyonayo yasiyo na manukato makali. Paka juu, unyayoni na kwenye visigino, ila usipake katikati ya vidole, kwa sababu unyevu ukibaki pale fangasi wanaota.

Magaga na sugu vina watu wake wenye wembe. Najua kijiji kizima kinachojua kukata magaga kwa wembe, na kwa mtu asiye na kisukari pengine hakuna shida. Wewe usifanye. Usitumie wembe, usikwangue kwa kisu, usipake zile dawa za kuondoa sugu zinazouzwa mnadani, kwa sababu zinaunguza ngozi nzima pamoja na sugu. Mafuta kila siku hupunguza magaga taratibu. Sugu nene mwonyeshe mtaalamu akuondolee.

Kucha kata baada ya kuosha, zikiwa laini, na uzikate zikiwa zimenyooka kama ukingo wa jembe. Usifuate kona kuingia ndani, kwa sababu ukucha ukirudi kuota utachoma nyama. Pembe zinazokwaruza zisugue kwa tupa ndogo. Asiyeona vizuri au asiyeufikia mguu wake akatiwe.

Viatu, na hatari za mazingira yetu

Usitembee peku. Hili linaonekana dogo lakini linagombanisha watu na mila zao, maana nyumbani kwa mtu ni mahali pa kuvua viatu. Hata ndani ya nyumba vaa kitu, kwa sababu sindano ya kushonea, kipande cha chupa na kaa la moto vyote vinapatikana ndani. Weka ndala safi za ndani pekee kama hutaki vumbi. Msikitini unaweza kuvaa soksi safi, na uangalie ua wa saruji au mchanga mchana wa jua kali. Mtu mwenye hisia zake ataruka. Wewe utatembea taratibu ukiungua.

Ndala za kamba zina tatizo la pande mbili. Chini ni nyembamba, kama msumari wa baba mdogo ulivyoonyesha, na ile kamba inakwaruza katikati ya kidole gumba na cha pili. Yeboyebo zinafunika kidogo, lakini plastiki ngumu inachubua na mguu unatota jasho. Katambuga za tairi zinazuia mwiba vizuri sana, nazisifia kwa hilo, ila mikanda yake ni migumu na wakati mwingine kichwa cha msumari kinatokeza ndani. Ukiwa nazo mpelekee fundi azibe misumari na aweke kitambaa au ngozi laini chini ya mikanda.

Kilicho bora kwa wengi wetu ni raba au kiatu cha kufunga kwa kamba, hata cha mtumba, chenye soli nene na nafasi mbele. Nenda kununua jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana na kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi. Kama mguu una ganzi usiamini neno lako unaposema "kinanitosha". Fanya hivi: kanyaga boksi, mtu achore mguu wako kwa kalamu, kata mchoro huo, uutumbukize ndani ya kiatu. Ukijikunja, kiatu ni kidogo. Kwa urefu, ndani ya kiatu pazidi mguu kwa sentimita moja hadi mbili. Kiatu kipya kivae saa moja au mbili siku za mwanzo, ukivua kila mara uangalie mguu.

Na kabla ya kuvaa, kila mara, pindua kiatu ukung'ute, kisha ingiza mkono upapase ndani hadi mbele. Kokoto moja ndogo iliyokaa siku nzima chini ya unyayo usiohisi inatosha kuleta kidonda. Soksi ziwe safi kila siku, zisizobana juu na zisizo na matundu wala mishono minene. Kama mshono ni mnene, vaa soksi nje ndani.

Moto ni adui wa pili baada ya viatu. Singida mwezi wa sita na wa saba upepo wa usiku ni mkali, na wazee wanasogeza miguu kwenye jiko. Wengine wanaweka chupa ya maji ya moto miguuni kitandani. Mwenye ganzi asifanye vyote viwili. Avae soksi na kujifunika blanketi. Bodaboda nayo imeleta lake. Abiria anaweka mguu karibu na bomba la moshi, anaungua, na anajua akifika nyumbani anapoona ngozi imetoka.

Kuna jambo lingine ambalo msikilizaji mmoja aliponitumia nilidhani ananitania. Aliuliza kama panya wanaweza kumng'ata mgonjwa wa kisukari usiku bila yeye kuamka. Wanaweza. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Dkt. Zulfiqarali Abbas anayejulikana kwa kazi yake ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, walichapisha taarifa ya wagonjwa waliong'atwa na panya miguuni wakiwa wamelala, wengine wakagundua asubuhi kwa kuona damu. Sisi tunaohifadhi magunia ya mtama na karanga chumba cha kulala tunajua panya ni wenzetu. Osha miguu na mikono ikiwa na harufu ya chakula, chomeka chandarua vizuri chini ya godoro, vaa soksi, na ukiweza hamisha magunia.

Funza nao wapo kwenye maeneo yenye sakafu ya vumbi. Mwenye kisukari asitolewe funza kwa pini au mwiba na mtu wa nyumbani. Aende zahanati, na aulize habari ya sindano ya pepopunda.

Ukiona kidonda

Hapa ndipo watu wanapopotezea miguu.

Osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kausha pembeni, funika kwa bandeji safi iliyokauka, usiibane. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi kama ni usiku. Usingoje kuona kama kitapona chenyewe. Kidonda cha mguu wenye kisukari hakina daraja la "kidogo".

Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, mafuta ya taa wala spiriti. Ile tabia ya kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake juu ya kidonda imeenea sana, na karibu kila wiki naulizwa kuihusu. Iache. Unga unatengeneza gaga juu, chini usaha unaendelea kutafuna, na dawa yenyewe hukupimiwa. Mwenye duka la dawa anaweza kuwa mtu mzuri na jirani yako, lakini kidonda hiki si cha dukani.

Jambo la pili, usikikanyagie. Kidonda cha unyayo hakiponi kikiwa kinabeba uzito wa mtu kila hatua, hata upewe dawa ya bei gani. Mwenye miguu mizima angechechemea kwa sababu ya maumivu, na kule kuchechemea ndiko kunakompumzisha. Wewe huchechemei kwa sababu husikii. Kwa hiyo kaa, inua mguu, tumia magongo kama umepewa, na mwache mwingine achote maji. Hiki ndicho kilimshinda baba mdogo kuliko sindano zote. Ilikuwa msimu wa kuandaa shamba, na mtu asiyeumwa anaonekana mvivu akikaa kwenye kiti.

Usisubiri hata asubuhi ukiona mojawapo ya haya: harufu mbaya, usaha, sehemu ya mguu au kidole kuwa cheusi, uvimbe unaopanda juu, mguu kuwa wa baridi na kupauka ghafla, homa au kutetemeka, au sukari kupanda bila sababu unayoijua. Na kuna hali moja inayowadanganya hata wahudumu: mguu umevimba, una joto, umebadilika rangi, ila hauna kidonda popote na hauumi sana. Inaweza kuwa mifupa ya ndani inavunjika na kusogea bila mgonjwa kuhisi. Mtu huyo asikanyagie mguu kabisa mpaka apimwe, vinginevyo mguu unaweza kupinda moja kwa moja.

Sasa niseme la mitaani. Mguu ukivimba na kunuka bila maumivu, jirani wa kwanza atasema umekanyaga kitu ulichotegewa, na wa pili atakupa jina la mtaalamu wa kijiji cha tatu. Sibishani na mtu kuhusu imani yake. Nataka tu ahesabu siku. Siku tatu za kwenda kwa mganga, wiki moja ya kuchanjwa kwa wembe kwenye mguu uleule, siku mbili za kutafuta nauli. Mtu anafika hospitali mguu umeoza hadi kifundoni, daktari anaukata kuokoa maisha, na kijijini inarudi habari kwamba ukienda hospitali wanakata. Mgonjwa anayefuata anaisikia hiyo habari, naye anakaa nyumbani. Baba mdogo alikaa siku tisa, na mojawapo ya sababu, alikuja kuniambia baadaye, ni kwamba alimfahamu mtu aliyekwenda akarudi na mguu mmoja. Yule mtu, nilipouliza, alikuwa amekaa nyumbani mwezi mzima kabla ya kwenda.

Ukienda kliniki

Kliniki nyingi za kisukari zina foleni ndefu. Unapimwa sukari, presha, unaandikiwa dawa, anaitwa mwingine. Ukikaa umevaa viatu, miguu haitaangaliwa. Wauguzi wenyewe wamenipa ushauri huu: vua viatu na soksi ukiwa bado kwenye benchi, ukiingia chumbani peku ya mguu inaonekana yenyewe. Sema kwa heshima, "Daktari, naomba na miguu uniangalie." Si kumsumbua. Tanzania imekuwa na mafunzo ya jambo hili tangu miaka ya 2000, ambapo daktari na muuguzi kutoka hospitali moja walifundishwa kwa pamoja namna ya kuangalia na kutibu miguu ya wenye kisukari, kwa hiyo huenda hospitali yako ya mkoa ina mtu aliyesomea. Uliza.

Kila mwenye kisukari aangaliwe miguu angalau mara moja kwa mwaka, hata kama haina tatizo. Aliyeshindwa lile jaribio la vidole aangaliwe mara nyingi zaidi, kadiri atakavyopangiwa. Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa kidole aangaliwe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, kwa sababu kati ya watu 10 waliopona kidonda cha mguu, karibu 4 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja.

Na dawa za sukari endelea nazo hata kama miguu iko salama. Anayevuta sigara aache. Kwa upande wa mishipa ya miguu sijasikia daktari akilitafutia jambo hilo njia ya katikati.

Mwenye swali kuhusu mguu wake atume ujumbe kupitia namba ya kipindi tuliyoizoea, tutauliza wataalamu wakija studio. Ila kama swali lako ni kuhusu kidonda ulichokiona leo, usitutumie sisi picha. Nenda nayo zahanati.